Nukta Pacha

Mwanamume aliruka ukingo wa maegesho kama paka aliyemwagiwa maji ya moto.

Sindano akaruka nyuma yake.

Chini palikuwa na paa la karakana. Bati lililia, likabonyea, likawatema wote wawili uani, katikati ya magari yaliyofunguliwa boneti. Mafundi walitawanyika. Mwanamume aliinuka, mguu niponye, akakata kona na kuingia uchochoro wa maduka ya vipuri.

"Cherehani, hapa Sindano." Aliwaita makao makuu huku anakimbia, kidole kimebonyeza kidude kilichojificha sikioni. "Anaelekea relini."

"Sindano, hapa Cherehani. Tunamtaka hai."

"Mwambieni na yeye."

Risasi ilipasua taa ya gari bovu karibu na nyonga yake. Bastola yake, Glock, ilikuwa kiunoni, lakini uchochoro ulijaa watu waliolala kifudifudi na wengine waliosimama kushangaa. Hakuigusa. Alimpokonya fundi wa matairi spana ya magurudumu.

"Naazima, kaka."

Akairusha.

Spana ilimpata yule mtu nyuma ya goti. Alianguka kama gunia. Sindano alipomfikia, alimkuta anatafuna.

"Tema."

Alimng'ata kidole. Sindano alimshindilia ngumi ya mbavu, mdomo ukafunguka wenyewe. Ilitoka damu, likatoka jino, ikatoka memori kadi ndogo kama ukucha.

Mtu yule alilala chali, akacheka.

"Umechelewa, dada. Leo jua likizama, bonde zima litakuwa linaogelea."

Ndani ya Land Cruiser aliichomeka kadi kwenye kompyuta. Ilikuwa na picha moja tu. Ukuta wa zege unaotoa jasho. Mabomba mawili. Taa ndani ya kizimba cha waya. Ufa mwembamba unaoshuka kama mshipa. Na ubavuni mwa ufa, shimo lililotobolewa kwa ufundi, limeshindiliwa vifurushi vya manjano na waya za rangi rangi.

Aliituma makao makuu. Mkuu wa Idara ya usalama alipiga simu papo hapo.

"Hapo ni ndani ya ukuta wa bwawa," alisema. "Hiyo ni kazi ya Koti."

Sindano alimjua Koti. Mgeni mmoja mrefu aliyevaa koti zito hata jua likiwa la utosi. Kampuni yake ililitamani bonde lililo chini ya bwawa kwa ajili ya madini. Wenyeji wakakataa kuhama, serikali ikamnyima kibali. Akaaga kwa adabu na kupotea. Kumbe hakwenda mbali. Aliyeshindwa kuwahamisha watu kwa hati alikuwa ameamua kuwahamisha kwa maji.

"Jeshi likague korido zote," Sindano alisema.

"Korido zimepangana ghorofa juu ya ghorofa ndani ya ule ukuta, na zote sura moja. Shimo lenyewe litakuwa limeshazibwa na kupakwa chokaa. Na watu wa bondeni hatuna muda wa kuwatoa wote. Kuna mtu mmoja aliyeupima ukuta ule wote kwa leza."

Sindano alifumba macho.

"Mkuu, mtume mwingine."

"Ni shemeji yako."

"Ndiyo maana nasema umtume mwingine."

"Sindano. Ingia kazini."

Simu ikakatwa.

*

Ofisi ya upimaji ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vioo. Mlangoni kulikuwa na masanduku ya vifaa na viatu vya matope. Ndani, mbele ya skrini mbili, alikaa Mpimaji, mdogo wa marehemu mume wake. Alikuwa na mabega yale yale ya kaka yake. Sindano aliyaona, akayapita kwa macho haraka.

Tangu siku ya maziko hawakuwa wamesemezana. Mjane hakuonekana kwenye maziko ya mumewe. Familia iliambiwa yuko safarini, biashara ya vitambaa, ndege zimekosekana. Ukweli ni kwamba siku ile Sindano alikuwa nchi nyingine, chini ya ardhi, kafungwa mikono kwenye kiti. Huo ukweli hakuruhusiwa kumpa mtu yeyote.

Mpimaji aligeuka. Uso wake ukajifunga kama mlango.

"Shemeji. Leo ndiyo umekumbuka tupo?"

"Shemeji, sikuja kugombana."

"Hukuja msibani, utakuja kugombana? Vitambaa vimeisha?"

Sindano aliweka kitambulisho cha Idara mezani, kisha picha juu yake. Mpimaji alisoma kitambulisho mara mbili. Alimtazama. Akaitazama picha, na damu ikamhama usoni.

"Mama yuko bondeni," alisema.

"Najua. Ni mama mkwe wangu pia."

"Usimwite hivyo."

"Nitamwita utakavyo. Niambie hapa ni wapi."

Mpimaji alivuta kiti. Vidole vyake vikashika kazi. Kwenye skrini ya kwanza aliifungua picha. Kwenye ya pili lilitokea umbo la ukuta wa bwawa, jeupe, lililofumwa kwa mamilioni ya nukta. Aliligeuza kwa kipanya, akaingia ndani yake kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

"Leza inarusha mwale, mwale unagonga ukuta na kurudi," alisema bila kumwangalia. "Kila uliorudi ni nukta. Nukta inajua ilipo, lakini haina rangi. Picha ina rangi, lakini haijui ilipo. Kazi ya programu hii ni kuwaozesha. Naonyesha kona ya taa kwenye picha, naonyesha kona ile ile kwenye nukta. Bomba kwa bomba, boliti kwa boliti. Zikitosha, programu inaniambia mpigapicha alisimama wapi."

"Na ndoa ikikataa?"

"Basi mmoja wao ni mwongo. Hayo unayajua wewe kuliko mimi."

Sindano alisogea karibu na skrini.

Mlango ulifunguliwa. Aliingia mwanamume mnene, nadhifu, tai ya buluu, kikombe cha kahawa mkononi. Alikuwa Meneja wa ofisi.

"Tuna mgeni na sijaambiwa?" Aliona picha kwenye skrini. Kahawa iliyumba kikombeni, lakini tabasamu halikuyumba. "Maskini! Hii ni nini tena?"

"Mambo ya usalama," alisema Sindano. "Kaa mbali na simu."

"Bila shaka, bila shaka."

Mpimaji aliendelea kubonyeza. Programu ilifikiri, ikageuza picha, ikaivisha juu ya nukta. Korido nyeupe ikapata rangi ghafla: kijivu cha zege, wekundu wa kutu, manjano ya vifurushi.

"Upande wa kushoto, ghorofa ya katikati," alisema. Kisha akakunja uso. "Mabomba yamekaa. Taa imekaa. Ufa haukukaa. Umepishana kiganja kizima."

"Kuna mahali pengine panapokaa vizuri zaidi?"

"Hapana. Nimezungusha ukuta wote. Hapa ndipo panapokaribia."

"Nakwenda."

"Shemeji, kiganja kizima ni kosa kubwa. Sijawahi kukabidhi kazi yenye..."

"Nipigie ukipata bora."

Meneja alimfungulia mlango kwa heshima zote.

*

Kwa juu, bwawa lilikuwa barabara nyembamba. Mkono mmoja maji yametulia, mkono mwingine ukuta unashuka wima hadi bondeni, paa za nyumba zikimetameta chini kabisa. Mafundi wa mabomu wa jeshi walikuwa wameshafika. Waliteremka na Sindano kwenye korido ya kushoto, wakapiga ukuta nyundo, wakautoboa kwa drili.

Zege tupu.

Wakatoboa juu. Wakatoboa chini.

Zege tupu.

"Dada, hapa hakuna kitu," alisema mkubwa wa mafundi, jasho likimchuruzika. "Tumepoteza mchana."

Ndani ya ukuta redio hazikushika kitu. Sindano alipanda juu mbio, na alipotokeza tu mwangani, simu ikalia.

"Wametuchezea!" Mpimaji alikuwa anapiga kelele. "Korido ya chini kabisa upande wa kulia na hiyo ya kushoto ni kitu kimoja! Nukta kwa nukta!"

"Si zimejengwa sawa?"

"Zijengwe sawa vyovyote! Leza haipimi ukuta mara mbili ikatoa nukta zile zile. Lazima vumbi lipite, tone la maji lidondoke, mashine itikisike. Hapa hata matone ni yale yale. Kuna mtu amekata kipande cha kushoto akakibandika kulia, ili ukuta wa kulia usionyeshe kwamba umetobolewa. Tunapima kila msimu, shemeji. Lile shimo lingeonekana!"

"Nani anaweza kufanya hivyo?"

"Wenye neno la siri ni wawili. Mimi na Meneja."

"Yuko wapi?"

"Alitoka mara tu ulipotoka wewe." Pumzi zake zilisikika. "Lakini vipimo vya asili vimebaki kwenye mashine ya leza yenyewe. Alisahau kuvifuta huko. Nimeozesha upya. Ufa umekaa juu ya ufa. Kosa halizidi unene wa ukucha. Kulia, chini kabisa. Mama hapokei simu, shemeji. Nimepiga, nimepiga."

Sindano alikuwa ameshahamia redio ya sikioni.

"Cherehani, hapa Sindano. Mkamateni Meneja wa upimaji. Tai ya buluu."

"Sindano, tumekupata."

Aliwageukia mafundi. "Upande wa kulia. Mimi natangulia, nyinyi leteni vifaa." Kisha akafungua mkoba na kutoa kigurudumu cha plastiki kilichozungushiwa waya mwembamba kama uzi, zawadi ya karakana ya Idara. Ncha moja aliifunga kwenye redio ya gari. Nyingine aliichomeka kwenye kidude cha sikioni, na kigurudumu akakifunga kiunoni. Waya ungefunguka nyuma yake kila anapokwenda, na sauti ingepita palipo na zege. Cherehani wakamwunganisha Mpimaji.

"Shemeji, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Utakuwa macho yangu."

Kiti kilikwaruza upande wa Mpimaji.

"Shuka," alisema.

*

Ngazi zilikwenda chini, na chini, na chini. Baridi ilipenya mpaka kwenye meno. Maji yalidondoka mahali fulani, mfululizo. Sindano alifika korido ya mwisho, akaona safu ya taa za vizimba ikienda mbali, mbili mbili, hadi kwenye ukungu.

Taa zikazimika zote.

Kiza cha kaburi.

Alitoa Glock, kisha akairudisha. Kupiga risasi ndani ya korido hii, karibu na vile vifurushi, ni kujichimbia mwenyewe. Tochi nayo ingemfanya shabaha.

"Mtu amezima taa," alinong'ona. "Yumo humu."

"Sihitaji taa," alisema Mpimaji sikioni. Sauti yake ilikuwa imetulia, ya mtu aliye kazini. "Nyoosha mkono wa kushoto. Usawa wa bega kuna bomba."

"Nimelishika."

"Lifuate. Usiliachie. Mbele sakafu inashuka vidaraja vitatu, cha mwisho kimevunjika pembeni, kanyaga ukutani."

Alikanyaga ukutani. Mguu ulikaa.

"Sasa sikiliza. Hatua moja kabla ya kiungio cha bomba, mkono wa kulia, ukuta unaingia ndani. Kijichumba cha kuwekea pampu ya zamani. Kinatosha mtu mmoja. Baada ya hapo hatua chache tu utakuta..."

Kimya.

Waya ulikuwa umekatwa.

Sindano alisimama, akasikiliza damu yake mwenyewe. Waya umekatwa nyuma yake. Basi aliyeukata yuko nyuma, si mbele. Na waya uliobaki ulianza kukaza taratibu kiunoni mwake. Mtu alikuwa ameushika, anaufuata gizani, kama mvuvi anayekusanya mshipi wake.

Haya, ufuate.

Alivua kigurudumu cha waya kiunoni, akachomoa ncha ya sikioni. Alitembea kwa kunyata, akagusa kiungio cha bomba, akakifunga kigurudumu hapo kwa fundo la haraka. Kisha akarudi hatua moja kinyumenyume, akanyoosha mkono wa kulia na kutafuta.

Ukuta uliingia ndani. Pale pale aliposema.

Akajibana kijichumbani, mgongo kwenye zege la baridi, akaacha kupumua.

Nyayo. Maji yakichapwa. Harufu ya sufu iliyoloa.

"Wewe mwanamke," ilisema sauti nzito, ya lafudhi ya mbali. "Umechoka sasa? Mimi hapana choka."

Waya ulitikisika mbele yake. Koti alimpita, karibu kiasi cha kumgusa nguo, akiufuata uzi kwenda kwenye bomba.

Sindano alitoka.

Teke la kwanza lilimpata kwenye goti, la pili kwenye figo. Koti aligeuka na kisu. Ncha ilichana mkono wa jaketi ikaonja nyama. Sindano aliliacha lile koti zito limfanyie kazi: alilishika ukosi, akalivuta chini hadi viwiko vikanaswa ndani yake, akamgonga kichwa kwenye bomba. Mara moja. Koti akatafuta ukuta wa kuegemea. Mara ya pili hakuutafuta tena.

Pingu zilibana. Tochi ikawaka.

Kwenye sakafu palikuwa na mfuko wake: drili ndogo, koleo, saa ya ziada. Alikuwa amekuja kuuwahisha mlipuko. Ndani ya zege hili hata yeye asingeweza kulipua kwa simu.

Sindano alimulika ukuta. Chokaa nyeupe, safi, mwanzo hadi mwisho. Yule mjanja alikuwa ameipaka korido nzima.

Alikifungua kigurudumu kwenye bomba, akachomeka tena ncha ya sikioni, akarudi nyuma akimulika hadi akapata ncha iliyokatwa. Alikwangua waya kwa meno, akasokota ncha kwa ncha, kisha akasonga mbele tena hadi akakipita kijichumba.

"Shemeji?"

Kilisikika kitu kama mtu anayevuta pumzi baada ya kuzama.

"Upo?"

"Nipo. Mgeni amelala. Shimo liko wapi?"

"Umesimama chini ya taa gani?"

"Taa ya kwanza baada ya kijichumba."

"Ndiyo hiyo. Kona ya chini ya kizimba, upande wa kushoto. Shuka mita moja na robo. Kisha kulia, kiganja."

Alipima kwa mkono, akagonga kwa kitako cha Glock. Ukuta ulijibu kwa sauti ya mtungi mtupu. Alibandua chokaa, akabandua saruji mbichi, vidole vikavuja damu. Vifurushi vikatokeza. Saa ndogo ikitembea, na haikuwa na mengi ya kutembea. Mafundi walikuwa bado juu, ngazi ndefu, vifaa vizito.

"Kuna waya nne zinazoingia kwenye saa," alisema. "Zote zimeganda saruji, zote kijivu. Sioni rangi."

"Ngoja." Kipanya kilibofya, kikabofya. "Kwenye picha zilikuwa safi. Buluu inatoka kwenye betri inaingia saa. Nyekundu mbili zimepita nyuma, sizipendi. Kijani inatoka saa inakwenda kwenye vifurushi."

"Kijani ni ipi kuanzia juu?"

"Picha imepigwa kwa kuinama, inaonekana ya pili. Nikiivisha juu ya nukta..." Kipanya kikabofya tena. "Ya tatu. Ni ya tatu, shemeji. Pale mpigapicha aliposimama ndipo inaonekana ya pili."

"Una hakika?"

"Kosa ni unene wa ukucha."

Sindano aliweka koleo kwenye waya wa tatu.

Akabana.

Saa ilisimama.

Matone ya maji yaliendelea kudondoka, kana kwamba hakuna lililotokea. Sindano alikaa chini kwenye sakafu iliyoloa, karibu na miguu ya Koti, akaachia kichwa kiegemee ukuta.

"Imekufa," alisema.

Mpimaji alikuwa analia na hakutaka isikike. Simu nyingine ikalia upande wake, akaipokea, na Sindano akasikia kwa mbali sauti ya mwanamke mzee ikifoka bila kituo.

"Ni mama," alisema Mpimaji aliporudi. "Anauliza ni mpumbavu gani anampigia mchana kutwa na yeye anafua."

Sindano alicheka, mkono unamuuma.

"Shemeji," alisema. "Siku ile ya maziko..."

"Usiniambie." Haikuwa sauti ya ugomvi, lakini haikuwa ya msamaha pia. "Sijawa tayari kuacha kukukasirikia. Siku nikitaka kujua, nitauliza."

"Sawa."

"Sawa."

Mafundi wa jeshi walifika wakihema. Sindano aliwaachia vifurushi, saa na mgeni wao, akaanza kupanda ngazi.

"Sindano, hapa Cherehani. Tai ya buluu tumeikamata kituo cha mafuta. Anasema yeye alikuwa anachora tu, hakujua ni kwa ajili ya nini."

"Mwonyesheni kile alichokibandika. Atakumbuka."

Juu, jua lilikuwa bado lipo. Msafara wa magari meusi ulikuwa unaingia kwenye barabara ya bwawa, vimulimuli vikiwaka, waheshimiwa wakishuka na kurekebisha suti mbele ya kamera. Mlinzi wa lango alikuja mbio, kirungu mkononi, uso umekunjamana.

"Wewe dada! Hii gari yako? Nani kakuruhusu kuegesha hapa? Huoni wakubwa wanapita?"

Sindano alikuwa na saruji kwenye nywele, damu kwenye mkono wa jaketi, na matope hadi magotini. Alitafuta funguo mfukoni.

"Samahani, afande. Naitoa sasa hivi."

"Watu wengine hamna adabu kabisa! Hapa ni mahali nyeti!"

"Nimeona," alisema Sindano.

Akawasha Land Cruiser, akaupisha msafara, na kushuka polepole barabara ya bondeni.